SI KIINIMACHO: UTETEZI WA SANAA ISIYO NA UJUMBE

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili akiwekewa mbele yake kazi yoyote ya sanaa, iwe shairi, riwaya, wimbo au kinyago, swali la kwanza linalomtoka kinywani ni moja: ujumbe wake ni upi? Swali hili amefunzwa tangu shule ya upili. Ameambiwa kwamba kazi ya sanaa ina pande mbili, maudhui na fani. Kwamba maudhui ndiyo yanayosemwa na fani ndiyo namna ya kuyasema. Ingawa mwalimu huongeza kwa haraka kwamba pande hizi mbili hazitenganishwi, mtihani huzitenganisha bila huruma, na alama nyingi humwendea aliyeorodhesha dhamira saba kuliko aliyekaa na mshororo mmoja akajiuliza kwa nini unasikika jinsi unavyosikika. Makala haya yanadhamiria kulipinga swali hilo, au angalau kulinyima haki ya kutangulia mengine yote. Nitapitia njia ambayo huenda ikaonekana ya mbali katika jarida la Kiswahili, nayo ni michoro ya miraba na mistari iliyochorwa Ulaya na Marekani katika miaka ya 1960: michoro isiyo na mtu, mti, nyumba wala hadithi, na ambayo ukiitazama kwa muda huanza kusogea.

Tuanze na mchoro mmoja. Mwaka 1961 mchoraji Mwingereza Bridget Riley, aliyezaliwa London mwaka 1931, alichora kazi aliyoiita Movement in Squares, yaani Mwendo katika Miraba. Ni ubao wenye upana wa takriban sentimita 121 na kimo cha sentimita 123. Umejaa miraba myeusi na myeupe inayopokezana kama ya ubao wa drafti. Kimo cha miraba hiyo hakibadiliki tangu juu hadi chini. Kinachobadilika ni upana. Kutoka kushoto miraba huanza ikiwa kamili, kisha ikapungua kidogo kidogo kuelekea kulia, ikawa mistatili, ikawa vijiti, ikawa nyuzi. Na baada ya kupita katikati ya ubao ikaanza kupanuka tena. Hayo ndiyo yote yaliyomo. Hakuna kivuli, hakuna kijivu, hakuna hata mstari mmoja uliopinda. Lakini simama mbele yake. Ubao unajikunja. Unadidimia pale nyuzi zilipobanana, mithili ya kurasa za kitabu kilichofunguliwa zinavyozama kwenye mshono wake, na mahali hapo pa kuzama hapatulii; panavuta jicho, panalisukuma, panalivuta tena.

Ujumbe wake ni upi? Nimeshawahi kumwona mwanafunzi mwerevu akijibu kwamba weusi na weupe huo ni mgogoro wa rangi za watu. Jibu lake lilipigiwa makofi. Mimi naliona kuwa kielelezo cha maradhi ninayoyazungumzia: mtu amekwepa kutazama kwa kukimbilia kufasiri.

Michoro ya aina hii ilipata jina lake la Kiingereza, Op Art, katika jarida la Time la Marekani mwaka 1964. Neno hilo la mwanzo ni kifupisho tu cha istilahi ya mambo ya macho na mwanga. Je, sisi tuiiteje? Suala la istilahi si dogo, kwa kuwa jina hubeba hukumu. Wengi niliozungumza nao hutaka kuiita sanaa ya kiinimacho, na kwa mara ya kwanza jina hilo huonekana kufaa kama kofia na kichwa chake. Kiswahili kina hazina tele katika uwanja huu. Tuna kiinimacho, tuna mazingaombwe, tuna mauzauza, tuna mazigazi. Lakini maneno haya hayalingani. Mazingaombwe ni kazi ya mtu mwenye ujuzi wa kuwachezea wengine akili, na aghalabu anadai malipo. Mauzauza humtokea mtu bila yeye kutaka, naye huyasimulia kwa hofu. Mazigazi ni yale maji yanayoonekana barabarani wakati wa jua kali, ambayo msafiri akiyakaribia huyakosa. Hayana mwenyewe wala hayana nia. Na kiinimacho, ingawa ndani yake limo jicho na kiini chake, katika matumizi ya kila siku ni ulaghai. Tunaposema mwanasiasa fulani anafanya kiinimacho, hatumsifu kwa uchoraji.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaopendekeza jina hilo. Mfanya kiinimacho huficha mkono. Sanaa yake yote imesimama juu ya siri, na siri ikijulikana mchezo umekwisha: ukishaona sarafu ilikokuwa imefichwa, hutashangaa tena. Riley hafichi chochote. Kila mraba wa mchoro wake uko wazi; chukua rula upime, hesabu safu baada ya safu, utapata kila kitu kama kilivyo. Kisha inua uso utazame tena. Ubao bado unajikunja. Kujua hakukusaidii kitu. Akili imekwisha kushuhudia kwamba ubao ni bapa, nayo macho yanaendelea kukataa ushahidi huo bila haya. Kiinimacho hufa kikijulikana. Mchoro huu hufanya kazi yake vivyo hivyo mbele ya anayejua na asiyejua. Kwa hiyo napendekeza, hadi aje mwenye neno bora, tuiite sanaa ya mwono. Ni jina kavu kidogo, nakubali, lakini halimtuhumu mtu.

Yafaa tueleze, japo kwa muhtasari, kinachotendeka machoni. Jicho la mwanadamu halitulii kamwe. Hata ukilikazia mahali pamoja, linatikisika kwa miondoko midogo mno ambayo hatuihisi. Tukitazama ukuta wa rangi moja, mtikisiko huo haubadilishi lolote la maana katika picha inayoingia, na ubongo umezoea kuutupilia mbali. Lakini mistari myeusi na myeupe ikibanana, kila mtikisiko mdogo huihamisha mipaka yake: sehemu ya jicho iliyokuwa ikipokea weusi ghafla inapokea weupe, na iliyokuwa ikipokea weupe inapokea weusi. Maelfu ya ishara za mabadiliko hupelekwa kwa ubongo kwa pamoja, nao huzitafsiri kwa njia unayoijua, yaani kwamba kuna kitu kinachosogea. Mwaka 1957 mwanasayansi Donald MacKay alichapisha uchunguzi juu ya namna mistari iliyotulia inavyozua miendo machoni mwa mtazamaji. Wataalamu wangali wanajadiliana kuhusu mchango wa kila sehemu, jicho na ubongo, katika tukio hilo. Kwa mpenzi wa sanaa inatosha kujua kwamba mwendo huo haumo ubaoni wala haumo kichwani mwa mchoraji. Umo katika kukutana kwa ubao na mtazamaji. Mtazamaji akiondoka, ubao unabaki umelala.

Kuna kisa cha kale kinachonivutia zaidi ya maelezo hayo ya kisayansi. Mwaka 1824 mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul aliteuliwa kusimamia utiaji rangi katika karakana mashuhuri ya Gobelins mjini Paris, iliyofuma mapazia na mazulia ya fahari. Alikuta malalamiko. Wafumaji walidai kwamba nyuzi nyeusi zilizotiwa rangi hapo hazikuwa nyeusi barabara. Zilipofumwa kuwa vivuli katika nguo za buluu na zambarau zilionekana kufifia. Chevreul alizichunguza, akazilinganisha na nyuzi za karakana nyingine, akakuta weusi wake hauna dosari. Tatizo halikuwa katika pipa la rangi. Lilikuwa katika ujirani. Rangi iliyo kando ya nyingine huibadilisha mwenzake machoni mwa mtazamaji, nayo hubadilishwa. Matokeo ya utafiti wake aliyachapisha mwaka 1839 katika kitabu kikubwa ambacho wachoraji walikisoma kwa vizazi. Mmoja wa walioathiriwa na mawazo hayo alikuwa Georges Seurat, aliyechora kwa vitone vidogo vidogo vya rangi. Na Riley, mwaka 1959, kabla ya kuanza michoro yake ya weusi na weupe, alinakili mchoro wa Seurat wa daraja la Courbevoie ili ajifunze kwa mkono wake jinsi vitone vile vinavyosaidiana. Nasaba hii ni muhimu. Inaonyesha kwamba sanaa ya mwono haikuzuka kama kichekesho cha msimu. Ina mababu, na mababu hao walianzia kwenye lalamiko la mafundi kuhusu uzi.

Kwa upande wa jiometri mababu ni wengine. Kazimir Malevich alionyesha Mraba Mweusi wake mjini Petrograd mwishoni mwa mwaka 1915. Piet Mondrian, Mholanzi, alitumia miongo miwili na zaidi kupanga mistari iliyonyooka na mistatili ya nyekundu, manjano na buluu. Josef Albers, aliyehama Ujerumani mwaka 1933 baada ya chuo cha Bauhaus kufungwa, aliianza mwaka 1950 mfululizo wa michoro ya miraba iliyowekwa ndani ya miraba, akaendelea nao hadi kifo chake mwaka 1976. Alikuwa mwalimu kabla ya kuwa chochote kingine. Zoezi lake maarufu ni la kuweka vipande viwili vya karatasi ya rangi ileile juu ya mandhari mawili tofauti na kumwuliza mwanafunzi kama rangi hizo ni moja. Mwanafunzi huapa kwamba ni mbili. Huo ndio ualimu ninaouhusudu.

Na Victor Vasarely, mzaliwa wa Pécs nchini Hungaria mwaka 1906, alihamia Paris mwaka 1930 akafanya kazi ya kuchora matangazo ya biashara. Katika miaka hiyo ya 1930 alichora pundamilia, mnyama wetu wa nyika, kwa milia mitupu: hakuna mstari unaozunguka mwili, ila milia inavyopinda ndiyo inayotujulisha palipo shingo na palipo tumbo. (Atakaye kuona sanaa ya mwono bila kulipa nauli ya ndege na asimame mbele ya kundi la pundamilia wakikimbia, ajaribu kumhesabu mmoja baada ya mwingine.) Vasarely anaitwa na wengi baba wa sanaa hii. Mimi simwekei heshima hiyo bila masharti. Alikuwa na wazo adhimu, kwamba mchoro usiwe johari la tajiri mmoja bali uchapishwe kwa wingi, uingie majumbani na mitaani. Lakini wingi huo uliidhuru kazi yake. Vile vifuniko vya mviringo vinavyotokeza na kuvimba kama puto, ukiviona kumi umeviona mia. Jicho hushiba upesi. Kwa Riley halishibi, na sababu yake nitaieleza baadaye.

Mwaka 1965 jumba la Museum of Modern Art mjini New York liliandaa maonyesho yaliyoitwa The Responsive Eye, jicho lenye kuitikia, chini ya msimamizi William Seitz. Umma ulifurika. Wahakiki wengi walinuna. Hoja yao, kwa ufupi, ilikuwa kwamba sanaa hii inamgusa mtu mwilini tu na haimfikii rohoni. Kwamba inampa kizunguzungu ambacho hata bembea ya watoto ingempa. Kwamba ni hila isiyo na fikra. Angalia jinsi lawama hiyo inavyofanana na ile ya mwalimu wetu wa fasihi. Walitafuta dhamira, hawakuiona, wakahukumu kwamba hakuna kitu.

Pigo jingine lilitoka upande usiotarajiwa. Riley alipofika New York kwa ajili ya maonyesho hayo alikuta michoro yake imekwisha kuwa nguo. Mfanyabiashara mmoja wa mavazi aliyekuwa amenunua kazi yake alikuwa ameigeuza kitambaa, na madirisha ya maduka yalikuwa yamejaa magauni ya weusi na weupe yaliyomwigiza yeye na wenzake. Hakuombwa ridhaa. Alitafuta msaada wa sheria, akaambiwa kwamba sheria ya Marekani ya wakati ule haikumpa kinga. Alikasirika, akaeleza hasira yake hadharani katika jarida la sanaa mwaka uo huo.

Msomaji wa Pwani aliyezoea kanga huenda akauliza: kuna ubaya gani nakshi kuvaliwa? Swali hilo ni la haki, na sitaki kulikwepa. Kanga tangu mwanzo imebuniwa kwa mwili. Ina pindo linalozunguka kingo nne, ina mji wa katikati, ina jina lililoandikwa. Fundi anayeibuni anajua kwamba itakunjwa, itafungwa, itabebewa mtoto. Nakshi yake inangoja mwendo wa mvaaji. Mchoro wa Riley ni kinyume chake kabisa. Umekusudiwa utulie, na mtazamaji atulie, ili mwendo uzaliwe baina yao. Ukiuvika mtu anayetembea umeupokonya kazi yake: mwendo wa nyonga umeufunika mwendo wa macho, na kilichobaki ni pambo la madoadoa. Zaidi ya hayo, ubao wa Movement in Squares una mwanzo na mwisho. Ule upana unaopungua na kupanuka ni safari moja, si kipande kinachorudiwa kwa mita. Wafanyabiashara wale hawakuiba picha tu. Waliiba picha wakaacha sanaa, na ajabu ni kwamba wahakiki walipoyaona magauni waliyachukua kuwa ushahidi kwamba sanaa yenyewe haikuwa zaidi ya gauni.

Nirejee kwenye kanga kidogo, kwa kuwa inatuhusu zaidi. Kanga inapozungumziwa katika semina zetu, kinachochambuliwa karibu kila mara ni jina lake: methali, kijembe, dua, usia. Ni sawa, majina hayo ni fasihi. Lakini ni nani anayeketi akaeleza kwa nini pindo fulani linaonekana kusukuma mji kuelekea nje, au kwa nini nyekundu iliyo kando ya nyeusi inawaka kuliko iliyo kando ya nyeupe? Vivyo hivyo mkeka. Msusi wa ukili huhesabu miyaa vidoleni mwake, hupokeza ya rangi na isiyo na rangi, na ukili ukishonwa kwa ukili mwenzake hutokea milia ya kupanda na kushuka ambayo hakuna aliyeichora. Hakuna anayemwuliza bibi huyo ujumbe wa mkeka wake. Wala hakuna anayedai kwamba kwa kukosa ujumbe mkeka huo hauna akili.

Katika ushairi tulikaribia kuliona jambo hili, tukalipita. Tangu Amri Abedi achapishe kanuni zake za utunzi mwaka 1954, na hasa baada ya Kezilahabi kutoa Kichomi mwaka 1974, wataalamu wetu wamegombana kwa miongo kuhusu vina na mizani. Upande mmoja ulisema bila arudhi hakuna shairi. Upande wa pili ulisema arudhi ni pingu, na kwamba kilicho muhimu ni fikra. Ukisoma mabishano hayo kwa makini utagundua kwamba pande zote mbili zilikubaliana katika jambo moja bila kutamka: kwamba mizani ni chombo na fikra ndiyo mzigo. Waliotetea arudhi waliitetea kama desturi, kama urithi, kama utambulisho. Wachache mno waliuliza mizani nane ikifuatwa na nane inafanya nini sikioni. Kwa nini kituo cha katikati kinamfanya msikizaji angoje. Kwa nini kina kinachorudi mara ya nne humridhisha na cha tano humchosha. Hayo ni maswali ya Riley na Albers. Mizani ni miraba. Ukiipunguza polepole, sikio linadidimia kama jicho linavyodidimia.

Sharti niwape wapinzani haki yao. Kuna mengi yaliyochorwa kwa jina la sanaa ya mwono ambayo hayafai hata kufungia maandazi. Vilevile kuna hoja kwamba Riley hachori kwa mkono wake: tangu miaka ya mwanzo ya 1960 amekuwa akitayarisha michoro ya majaribio kwenye karatasi, akachanganya rangi, kisha wasaidizi wakaikuza na kuipaka kwenye turubai. Hoja hii hainishughulishi. Msanifu wa majengo habebi mawe. Wanaosema kwamba kazi hii ni hisabati tupu, nao hawakumsikiliza mwenyewe, kwa kuwa alishasema kwamba hakuwahi kusomea elimu ya mwanga na kwamba hisabati yake haipiti kusawazisha, kugawa nusu na robo, na kuongeza kwa hatua ndogo.

Basi alipata wapi hayo? Alipokuwa mtoto, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, aliishi Cornwall, rasi ya kusini-magharibi mwa Uingereza, kando ya bahari. Baadaye aliandika kwamba matembezi ya huko, na mama yake akimwonyesha rangi za maji, umande na vivuli, ndiyo yaliyomfunza kutazama. Hiyo ndiyo sababu niliyoahidi. Vasarely alianza na umbo akatafuta athari zake. Riley alianza na athari, ule mmeto wa jua juu ya mawimbi unaomfanya mtu akunje uso, akatafuta umbo la kuirudisha. Yeyote aliyewahi kusimama ufuoni Lamu au Malindi saa sita za mchana anajua kwamba bahari haitazamiki kama kitu kimoja. Ni vipande elfu vinavyowaka na kuzima. Ukimwuliza ujumbe wa mmeto huo atakucheka. Kuanzia mwaka 1967 Riley aliingiza rangi kamili, na katika Cataract 3 ya mwaka huo mistari ya mawimbi inabadilika kutoka weupe wa kijivu hadi nyekundu na buluu ya feruzi iliyochangamana, kiasi kwamba mtazamaji huona hewani, mbele ya turubai, rangi ambazo hazikupakwa mahali popote. Mwaka uliofuata, 1968, alipewa tuzo ya kimataifa ya uchoraji katika maonyesho ya Venice, mwanamke wa kwanza kuipata.

Hapa naomba kutoa tahadhari kwa wanaotaka kuiona michoro hii. Picha ndogo kitabuni haitoshi, na kioo cha simu kinadanganya zaidi, kwa sababu vitone vya kioo hicho hugombana na mistari ya mchoro vikazua mawimbi yasiyokuwemo. Hapo, na hapo tu, neno kiinimacho linafaa. Lakini mtu anaweza kuchukua karatasi, rula na wino akachora miraba yake mwenyewe kwa ukubwa wa dawati. Kazi ya saa mbili itamfunza zaidi ya makala haya.

Umebaki mfano mmoja ambao ndio ulionisukuma kuandika. Carlos Cruz-Diez, mzaliwa wa Caracas nchini Venezuela mwaka 1923, alikuwa miongoni mwa wasanii wa Amerika Kusini walioipeleka sanaa hii mbali kuliko wenzao wa London na Paris. Kati ya mwaka 1974 na 1978 alitengeneza kazi kubwa katika uwanja wa ndege wa Simón Bolívar ulioko Maiquetía, karibu na Caracas. Ni ukuta na sakafu ya vigae vidogo vilivyopangwa kwa mistari myembamba ya rangi. Anayetembea juu yake huona rangi zikibadilika mbele ya miguu yake. Zile zilizo kando ya nyingine huzaa ya tatu, ambayo ikitafutwa kwenye kigae haipatikani. Kazi hiyo haina picha ya shujaa yeyote, haina bendera, haina maandishi ya uzalendo. Mtahini wetu angeipa sufuri katika maudhui.

Katika miaka ya 2010 uchumi wa Venezuela uliporomoka, na watu wakaanza kuhama. Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba waliotoka wamezidi milioni 7. Wengi walipita uwanjani hapo, na ikazuka desturi ambayo hakuna aliyeiagiza. Mtu aliyekuwa akiondoka, akiwa na mkoba mgongoni na jamaa zake wakilia kando, alisimama juu ya sakafu ya Cruz-Diez, akaielekeza kamera chini, akapiga picha viatu vyake juu ya mistari ile. Picha hizo zilitumwa kwa maelfu. Kwa Wavenezuela waliotapakaa duniani, mistari hiyo ya rangi imekuwa ndiyo alama ya kuaga nchi.

Kwa nini haikuwa sanamu ya Bolívar? Sanamu zipo, zimejaa, na ujumbe wake unajulikana hadi na mtoto. Nionavyo mimi, ni kwa sababu sanamu ilikuwa imekwisha kujaa maneno ya wengine. Sakafu ilikuwa na nafasi. Ilikuwa imemzoeza kila mpita njia kwamba anachokiona kinategemea mahali aliposimama, na kwamba akisogea hatua moja kitabadilika; mtu anayevuka mpaka asijue kama atarudi hahitaji kufafanuliwa hilo. Cruz-Diez hakuiweka huzuni ile ndani ya vigae. Aliweka mistari, akaipanga kwa uaminifu, akawaachia watu.

Vigae vya sakafu hiyo vimechakaa kwa kukanyagwa, na baadhi vimeng'oka. Mwenyewe alikuwa amehama tangu mwaka 1960, akafanya makao yake Paris, na huko ndiko alikofia mwaka 2019 akiwa na umri wa miaka 95.